Matone ya Moto Kutoka Sigara ya Kielektroniki: Sababu Zake na Namna ya Kuyapunguza

Mgonjwa anayefika zahanati akiwa na lengelenge ulimini au doa jekundu kwenye kaakaa huulizwa kama amekunywa chai ya moto. Mara nyingi hujibu ndiyo, kwa kuwa jibu hilo ni rahisi kwake na kwa anayemuuliza. Makala haya yanahusu chanzo kingine cha jeraha la namna hiyo, ambacho mgonjwa huona haya kukitaja na mtoa huduma huenda hajakizoea: tone la kimiminika cha moto linaloruka kutoka ndani ya sigara ya kielektroniki na kumpata mvutaji mdomoni. Maelezo yanalenga hasa vifaa ambavyo mtumiaji husokota koili mwenyewe na kujiwekea utambi, kwa sababu hivyo ndivyo hutema zaidi vikitengenezwa vibaya. Mazingira yanayozingatiwa ni Wilaya ya Same na Milima ya Upare, ambako, kama itakavyoonekana, safari yenyewe ya kupanda mlimani huongeza tatizo.

Jambo moja liwekwe wazi mapema. Kueleza namna ya kupunguza matone si kuipa sigara ya kielektroniki cheti cha usalama. Nikotini hujenga uraibu, hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na hudhuru mimba na ubongo wa kijana ambao bado unakua. Asiyevuta asianze, anayevuta, njia bora ni kuacha. Lakini mtu anayeungua wiki hii anahitaji jibu la wiki hii, na akilikosa kwa mtaalamu wa afya atalitafuta kwa muuzaji.

Kifaa na jinsi kinavyotema

Sigara ya kielektroniki ya namna inayojulikana leo ilibuniwa nchini China mwaka 2003 na mfamasia Hon Lik. Sehemu zake kuu ni betri, koili ya waya, utambi na kimiminika. Utambi, ambao kwa kawaida ni pamba, hupita katikati ya mizunguko ya koili na kuifikishia kimiminika. Betri huipasha koili moto. Kimiminika hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaovutwa. Kimiminika chenyewe ni mchanganyiko wa propilini glaikoli na gliserini, pamoja na nikotini na vionjo. Propilini glaikoli huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, na gliserini kwenye nyuzi 290. Kwa hiyo tone ambalo halikugeuka mvuke linaweza kuondoka kwenye koili likiwa na joto kupita la maji yanayochemka. Linalomwokoa mvutaji ni udogo wake, maana tone dogo hupoa haraka likiwa hewani. Ndiyo sababu kifaa chenye mdomo mfupi na mpana huunguza kuliko chenye mdomo mrefu na mwembamba.

Kila anayepika amewahi kuona maji yakidondokea mafuta ya moto. Maji huchemka papo hapo chini ya mafuta, na mvuke wake huyarusha mafuta hadi mkononi mwa mpishi. Ndani ya koili hutokea jambo linalofanana na hilo. Kimiminika kilichozidi hukaa kati ya mizunguko ya waya au chini ya koili. Waya unapopata moto ghafla, tabaka linalougusa huchemka kwanza, na mvuke wake hulirusha tabaka la juu ambalo bado ni kimiminika. Mlio mwepesi wa kuchachatika ni wa kawaida. Mlio wa kupasuka, unaofuatana na ladha kali ya kimiminika ulimini, ni dalili kwamba koili imezama.

Anayekumbuka koroboi ataelewa kazi ya utambi bila maelezo marefu. Utambi ukibanwa sana kwenye shingo ya koroboi, mafuta hayapandi na moto hufifia. Ukilegea, mafuta hupita pembeni na kulowanisha kopo. Kwenye sigara ya kielektroniki, pamba iliyobana huungua na kutoa moshi mchungu. Iliyolegea huacha nafasi tupu ndani ya koili, na nafasi hiyo hujaa kimiminika kinachosubiri kurushwa.

Kwa nini hutema zaidi mlimani

Tuseme kijana amesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kurudi nyumbani kwa sikukuu za mwisho wa mwaka. Tangi la kifaa chake limejaa nusu, na sehemu iliyobaki ni hewa. Anashuka Same mjini, ambako mwinuko ni kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, kisha anapanda gari la milimani hadi kijiji kilicho mita 1,600, upande wa msitu wa Chome chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Anafika jioni, anajitenga nyuma ya nyumba, anavuta mara ya kwanza, na tone linamuunguza ulimi. Hakubadilisha koili wala kimiminika. Kilichobadilika ni kanieneo ya hewa.

Hewa iliyofungiwa ndani ya tangi hutanuka kadiri kanieneo ya nje inavyopungua. Kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,600, ujazo wake huongezeka kwa karibu moja ya tano. Kutoka Same mjini peke yake, kwa karibu moja ya kumi. Tangi lililofungwa Dar es Salaam likiwa na mililita 2 za hewa litasukuma karibu mililita 0.4 za kimiminika, yaani matone saba au manane, na njia pekee ya kutokea ni kupitia kwenye utambi na koili. Gari lenye joto huongeza tatizo, kwa sababu kimiminika kikipata joto huwa chepesi na hupenya pamba kwa urahisi zaidi. Kisha baridi ya jioni mlimani huugandisha mvuke kuwa matone ndani ya mdomo wa kifaa, na mavuto ya kwanza huyabeba.

Wapo wanaodhani sababu ni kwamba vitu huchemka upesi mlimani. Ni kweli kwamba kwenye mita 1,600 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na ndiyo maana makande ya mlimani hukaa jikoni muda mrefu kuliko ya tambarare. Lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kueleza matone. Kosa ni la hewa iliyofungiwa.

Kwa hiyo anayepanda mlimani asafiri na tangi tupu. Akishindwa, alijaze mpaka ibaki hewa kidogo sana, afunge matundu ya kimiminika na ya hewa kama kifaa kinayo, na akiweke wima muda wote wa safari. Akifika, afungue kifuniko ili kanieneo isawazike, afute kimiminika kilichokusanyika kwa kitambaa, kisha awashe koili mara tatu au nne kwa kitambo kifupi, kifaa kikiwa mbali na uso na bila kuvuta. Chupa ya kimiminika nayo hutanuka; ifunguliwe mdomo wake ukielekezwa mbali na macho.

Kuirekebisha koili na utambi

Pamba iwe nyingi kiasi cha kupita ndani ya koili kwa kukwama kidogo bila kuivuta koili ikapinda. Ncha zake zifike kwenye matundu ya kimiminika na kuyaziba kwa ulaini, bila kugandamizwa. Pamba safi ya hospitali inatosha. Ya godoro haifai, kwa kuwa huenda ina nyuzi za plastiki. Ikianza kubadilika rangi au kunuka kuungua, ibadilishwe.

Koili hukaguliwa kabla ya kuwekwa pamba. Ikiwashwa kwa kitambo kifupi, inapaswa kuiva kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa usawa. Sehemu moja ikiiva peke yake kabla ya nyingine, mizunguko yake imekaa vibaya, na hapo ndipo matone yatakapotokea. Isawazishwe betri ikiwa imetolewa. Mahali ilipofungwa pia pana maana: koili iliyo moja kwa moja chini ya tundu la mdomo hurusha matone kama mrija uliolengwa, ilhali ikisogezwa pembeni kidogo matone hugonga ukuta wa chumba na kubaki humo. Nyaya zilizozungushiwa nyaya nyembamba zaidi zinapendwa kwa mvuke mwingi, lakini mianya yake huhifadhi kimiminika kingi. Mwenye kuungua mara kwa mara arudie waya mmoja wa kawaida. Kichujio kidogo cha matundu ndani ya mdomo wa kifaa nacho husaidia sana, na pengine ndicho kitu rahisi kuliko vyote.

Kuhusu umeme, makosa yapo pande zote mbili. Wati zikiwa chache, koili haigeuzi kimiminika kuwa mvuke kwa kasi inayolingana na kinavyofika, hivyo huzama. Zikizidi, pamba hukauka na kuungua, na kimiminika huvunjika kuwa kemikali zenye sumu, mojawapo ikiwa fomaldehaidi. Mtumiaji aanze chini na kupanda kidogo kidogo, akome mlio wa kupasuka unapoisha; asiende mbele kwa kutafuta wingu kubwa. Avute polepole pia. Kuvuta kwa nguvu, kama mtu anayenyonya soda kwa mrija, hukinyonya kimiminika chenyewe kutoka tangini. Kimiminika chenye gliserini nyingi ni kizito na hakizamishi koili upesi kama chenye propilini glaikoli nyingi. Anayedondoshea kimiminika moja kwa moja kwenye pamba aweke matone machache na asubiri yanywewe kabla ya kuwasha.

Mambo mengine hayana nafasi ya majaribio. Mafuta ya kula, mafuta ya karafuu au mafuta mengine yoyote yasitiwe ndani ya kifaa, kwa kuwa mafuta yakifika mapafuni huleta nimonia ya mafuta isiyotibika kwa antibiotiki. Waya wa seng'enge au waya mwingine uliopakwa zinki usitumiwe kuwa koili, maana zinki ikipashwa moto mkali hutoa mafusho yanayoleta homa, baridi na maumivu ya mwili, dalili ambazo kwenye tambarare za Same hudhaniwa upesi kuwa malaria. Mwenye kupata upele kwa hereni au kishikizo cha mkanda aepuke nyaya zenye nikeli. Hata koili nzuri si safi kabisa: tafiti za mvuke wa vifaa hivi zimekuta nikeli, kromi na risasi.

Betri ndiyo hatari kubwa zaidi kwa mwili kwa mara moja, ingawa haihusiani na matone. Koili yenye ukinzani wa omu 0.2 kwenye betri iliyojaa ya volti 4.2 huvuta ampea 21. Ikiwa omu 0.1, huvuta 42. Betri nyingi za litiamu zinazouzwa kwa ajili ya tochi hazikutengenezwa kutoa kiasi hicho, na zinaweza kupasuka na kuwaka moto mfukoni au usoni. Asiye na kipimo cha ukinzani asisokote koili mwenyewe.

Mgonjwa anapofika

Mtu mwenye kuungua hana budi kuulizwa kwa namna itakayomfanya aseme. Pare Kusini si mahali pepesi kwa swali hili. Kanisa la Waadventista Wasabato lilianza kazi yake nchini huko Giti mwaka 1903, na tangu hapo mafundisho ya kujiepusha na tumbaku yameingia katika familia nyingi za milimani. Hilo limekuwa kinga kubwa kwa afya. Upande wake wa pili ni kwamba kijana anayevuta huficha, na wakati mwingine mama yake ndiye aliyemleta na amekaa naye chumbani. Mama aombwe kwa heshima asubiri nje. Kisha muuguzi anaweza kusema: “Mwanangu, majeraha kama haya nimeyaona kwa wanaotumia zile sigara za kuchaji. Siulizi ili nikuseme nyumbani. Nauliza ili nijue nikutibuje.” Akijibu, “Ndiyo, mama, lakini naomba asijue,” ombi hilo liheshimiwe, na kazi ianze.

Kuungua kudogo kwa ulimi, mdomo au kaakaa hutulizwa kwa maji baridi, yakishikwa mdomoni na kutemwa mara kwa mara kwa dakika kadhaa. Asali, dawa ya meno na mafuta visipakwe. Parasetamo hutosha kwa maumivu, chakula kiwe laini na kisicho cha moto wala pilipili, na kifaa kiachwe mpaka kidonda kipone. Jeraha dogo la ndani ya mdomo hupona kwa wiki moja au zaidi kidogo. Lakini sauti ikikwaruza, mgonjwa akitokwa na udenda kwa kushindwa kumeza, au akitoa mlio mkali anapovuta pumzi, njia ya hewa inavimba. Huyo hasubiri asubuhi. Aketishwe wima, apewe oksijeni ikiwapo, asipewe chochote kwa mdomo, na asafirishwe haraka kwenda hospitali yenye uwezo wa kuweka mpira wa hewa. Kutoka vijiji vya juu safari hiyo ni ndefu, na msimu wa mvua huirefusha. Kwa hiyo simu ya rufaa ipigwe mgonjwa angali anazungumza.

Tone likiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kope zikiwa zimefunuliwa, kisha uoni upimwe. Chupa za kimiminika hufanana mno na za dawa ya matone ya macho, na wapo waliokwisha kuchanganya, hasa wazee wenye uoni hafifu wanaokaa nyumba moja na mtumiaji.

Tone hubeba pia nikotini. Kimiminika chenye miligramu 20 kwa mililita kina takriban miligramu 1 ndani ya tone moja, kiasi kinachokaribiana na kile ambacho mwili hupata kwa kuvuta sigara moja ya kawaida. Anayetemewa matone mengi akayameza anaweza kupata kichefuchefu, kizunguzungu, mate mengi na mapigo ya haraka ya moyo. Kwa mtu mzima hali hiyo kwa kawaida hupita. Kwa mtoto ni dharura. Kijiko kimoja cha chai cha kimiminika hicho kina miligramu 100, na mwaka 2014 mtoto mdogo nchini Marekani alifariki baada ya kumeza kimiminika cha namna hii. Mtoto aliyemeza huanza kwa kutapika, kutokwa jasho na kupauka; baadaye huweza kulegea, kupata degedege na kushindwa kupumua. Asitapishwe. Ngozi iliyolowa ioshwe kwa maji mengi, nguo zivuliwe, njia ya hewa ilindwe. Hakuna kiuasumu mahususi cha nikotini: degedege hutibiwa kwa diazepamu, mate mengi na mapigo yaliyopungua hutibiwa kwa atropini, na upumuaji husaidiwa mpaka sumu itoke mwilini.

Mgonjwa mwenye kikohozi, homa, kichomi na pumzi fupi aulizwe pia anachovuta. Hadi Februari 2020 Marekani ilikuwa imehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa na 68 waliofariki kwa jeraha la mapafu lililotokana na vifaa hivi, wengi wao wakiwa wametumia kimiminika chenye dutu ya bangi kilichochanganywa na vitamini E asetati. Somo la mkasa ule kwa mtoa huduma wa Same ni swali moja: kimiminika kilitoka wapi, na kimeongezwa nini ndani yake? Chupa isiyo na maelezo haina kipimo kinachoaminika, hata ikiwa na picha nzuri ya embe.

Kisheria, nchi jirani zimechukua hatua tofauti; Uganda ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015. Kwa aliyeketi mbele ya muuguzi, kinachohitajika zaidi ni kuulizwa kama angependa kuacha. Wengi hushangaa kuulizwa. Aelezwe ukweli: hasira, kukosa usingizi na hamu kali huwa juu zaidi siku mbili au tatu za mwanzo, kisha hupungua katika wiki mbili hadi nne. Apange tarehe, apeleke kifaa mahali asipoweza kukifikia upesi, na amchague mtu mmoja wa kumweleza. Anayerudi sigara ya kawaida au ugoro wa babu ili kutuliza hamu hajaacha nikotini, amebadilisha chombo.

Kwenye kadi yaandikwe aina ya kifaa, nguvu ya nikotini iliyoandikwa kwenye chupa, chochote kilichoongezwa, na siku ya mwisho ya kutumia. Apangiwe kurudi baada ya wiki mbili, na mdomo uangaliwe wote: chini ya ulimi, ndani ya mashavu, nyuma ya midomo. Kidonda, doa jeupe au doa jekundu litakalokuwa bado lipo siku hiyo lisiandikiwe dawa nyingine ya kusukutua. Apewe rufaa kwa daktari wa kinywa na meno kwa uchunguzi wa saratani, hata kama mgonjwa ana hakika kwamba lilianza kwa tone.